Ulemavu na umaskini ni mambo mawili: Fedha za wanafunzi walemavu zilindwe

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, hatukosi kusoma habari za mtahiniwa asiyeona, kiziwi au anayetumia kiti cha magurudumu aliyewapiku wenzake wengi. Picha yake huchapishwa akiwa amezungukwa na wazazi na walimu wakishangilia, na sisi wasomaji hutikisa vichwa na kusema kuwa kweli ulemavu si kutojiweza.

Miezi michache baadaye kijana huyo hujiunga na chuo kikuu, na huko hakuna mpiga picha anayemngojea. Hakuna anayeuliza atapandaje hadi ghorofa ya tatu mahali ambapo lifti imeharibika, wala ni nani atakayemtafsiria mhadhiri kwa lugha ya ishara. Si ajabu kwamba wengine huacha masomo kimyakimya, na gazeti halipati habari.

Ninaandika haya kwa sababu mjadala wa jinsi serikali inavyofadhili vyuo vikuu umekuwa mkali tangu mwaka 2023, na sauti ya mwanafunzi mlemavu inamezwa na kelele za karo na mikopo. Maoni yangu ni haya: msaada wa serikali kwa mwanafunzi mlemavu si tawi la msaada kwa maskini. Ni kitu tofauti, na unafaa kutengewa fungu lake katika bajeti, lenye jina lake, lisilopimwa kwa mshahara wa mzazi na lisilogeuzwa kuwa mkopo.

GHARAMA ISIYOONEKANA

Sisi madaktari tunaijua gharama ya ulemavu kwa sababu ikikosa kulipwa chuoni, huja kulipwa hospitalini.

Mtazame mwanafunzi aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya barabarani, au aliyezaliwa na mgongo wazi. Mara nyingi hahisi kibofu kikijaa. Hulazimika kutoa mkojo kwa mpira maalum mara nne hadi sita kwa siku, yaani kati ya mara 120 na 180 kwa mwezi. Asipokuwa na mipira ya kutosha, au akikosa choo anachoweza kuingia na kiti chake, atafanya moja kati ya mambo mawili. Atatumia mpira ule ule bila kuusafisha inavyofaa, au atapunguza kunywa maji ili asihitaji kwenda haja. Yote mawili humletea maambukizi ya njia ya mkojo, na maambukizi yanayorudi kila mara huweza kuharibu figo.

Mwanafunzi huyo huyo huenda pia asihisi makalio yake. Akikaa katika ukumbi wa mihadhara kwa saa nyingi bila mto maalum wa kukalia, na bila kujiinua kila baada ya muda mfupi, damu haifiki vizuri katika ngozi na nyama huanza kufa. Kidonda cha aina hii huanza kama doa dogo lililobadilika rangi, lakini kinaweza kuchimba hadi kwenye mfupa. Kukitibu huchukua miezi, na wakati mwingine hulazimu upasuaji. Muhula mzima hupotea. Mto uliokosa kununuliwa kwa kuwa ulionekana ghali huishia kulipwa mara nyingi zaidi kwa kitanda cha hospitali.

Kwa kiziwi mambo ni tofauti lakini hayana nafuu. Kifaa cha kusaidia kusikia hakimfai kila asiyesikia, na hata yule anayefaidika nacho hulazimika kubadilisha betri zake ndogo kila baada ya wiki moja au mbili. Anayetumia lugha ya ishara huhitaji mkalimani. Kwa mhadhara wa saa mbili au tatu mkalimani mmoja hatoshi, kwani akili na mikono huchoka na makosa huingia. Inavyotakikana ni wakalimani wawili wapokezane kila baada ya dakika 20 au 30.

Naye asiyeona hukuta kwamba ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida huzaa takriban kurasa tatu za breli. Kitabu kimoja cha sheria au cha historia huwa rundo lisilobebeka. Kwa bahati nzuri siku hizi kompyuta inaweza kusoma kwa sauti. Ipo hata programu ya bure ya kazi hiyo, iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, wote wawili raia wa Australia wasioona. Lakini programu kuwa ya bure hakuifanyi kompyuta kuwa ya bure, wala intaneti, wala kazi ya kugeuza makaratasi ya mhadhiri kuwa maandishi ambayo kompyuta inaweza kuyasoma.

Tusimsahau mwanafunzi mwenye ualbino. Yeye huhitaji vitu viwili kwa pamoja: vifaa vya kukuza maandishi kwa sababu macho yake huona kwa shida, na mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua. Akikosa ya kwanza atashindwa kusoma kilicho ubaoni. Akikosa ya pili anajiweka katika hatari ya saratani ya ngozi.

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi ambacho ni anasa. Pia, hakuna hata kimoja ambacho mwanafunzi asiye mlemavu hulazimika kukinunua, awe tajiri au maskini.

KIPIMO KINACHOPIMA KITU KINGINE

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Kwa miaka mingi serikali ilipeleka pesa za masomo moja kwa moja kwa vyuo vikuu, na mwanafunzi akapata mkopo wa kujisukuma. Mnamo Mei 2023 ulitangazwa mfumo mpya. Kila mwanafunzi sasa angepimwa uwezo wa familia yake, kisha apewe mchanganyiko wa ufadhili na mkopo, na kiasi kinachobaki kitoke kwa mzazi.

Mfumo huo ulizua malalamiko mengi. Mnamo Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka Katiba, na suala hilo likafikishwa katika Mahakama ya Rufaa. Mimi si wakili, na sitaki kuingilia ugomvi wa nani alikuwa na haki. Ninalosema ni kwamba mfumo wowote utakaobaki, uwe huu, ule wa zamani au mwingine utakaobuniwa kesho, una kasoro moja kwa mwanafunzi mlemavu ikiwa utategemea kipimo cha umaskini peke yake.

Kipimo cha umaskini hujibu swali moja tu: familia hii inaweza kulipa kiasi gani? Hakijibu swali la pili: mwanafunzi huyu anahitaji nini ili asome sawa na mwenzake?

Chukua mfano wa familia mbili za walimu wa shule ya msingi, zenye mshahara sawa na watoto sawa. Binti wa familia ya kwanza hupanda matatu asubuhi hadi chuoni. Binti wa pili anatumia kiti cha magurudumu. Matatu nyingi hazisimami zimwonapo, na ikisimama moja, utingo humtoza nauli ya kiti alichokalia na nauli ya kiti cha magurudumu kilichokunjwa. Siku ya mvua hukodi teksi. Kwenye karatasi za serikali familia hizi mbili zinalingana, lakini katika maisha hazilingani hata kidogo.

Hata kama ulemavu utahesabiwa na kumsogeza mwanafunzi katika kundi la wahitaji zaidi, faida anayoipata ni nafuu ya karo. Nafuu ya karo hainunui mipira ya mkojo, wala hailipi mkalimani.

Isitoshe, sehemu ya msaada huo ni mkopo. Mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 na ni lazima ulipwe. Je, ni haki mwanafunzi akope pesa ili aweze kuingia maktaba ambayo wenzake wanaingia bure? Je, ni haki alipe riba kwa sababu ya kusikia anachosema mhadhiri?

KITU CHENYE JINA KIKIKATWA HUONEKANA

Yafaa tutazame nchi nyingine zimefanya nini, si kwa kuziiga bali kwa kujifunza.

Majirani zetu wa Uganda hutenga kila mwaka nafasi 64 za udhamini wa serikali katika vyuo vikuu vya umma kwa wanafunzi walemavu. Mtu anaweza kusema kwamba 64 ni wachache mno, na mimi nitakubaliana naye. Lakini hesabu hiyo inajulikana. Siku itakaposhuka hadi 40, kila mtu ataona na ataweza kuuliza sababu.

Nchini Afrika Kusini mpango wa taifa wa kufadhili wanafunzi, NSFAS, humsaidia mwanafunzi ambaye mapato ya familia yake hayazidi randi 350,000 kwa mwaka. Kwa mwanafunzi mlemavu kiwango hicho kimepandishwa hadi randi 600,000. Waliopanga hivyo walitambua kuwa familia yenye mlemavu inaweza kuwa na mshahara mzuri na bado iwe imeishiwa.

Uingereza nayo ina posho maalum kwa wanafunzi walemavu, ambayo haitegemei mapato ya familia wala hairudishwi. Kiwango cha juu kimepita pauni 25,000 kwa mwaka. Lakini hata huko, katika nchi tajiri, posho hiyo ilitiwa makasi. Mnamo Aprili 2014 aliyekuwa waziri wa vyuo vikuu, David Willetts, alitangaza kwamba serikali ingepunguza inacholipia na kuviachia vyuo vyenyewe sehemu ya mzigo. Wanafunzi na mashirika ya walemavu walipinga vikali. Baadhi ya mabadiliko yaliahirishwa hadi mwaka wa masomo wa 2016, mengine yakaendelea. Tangu mwaka 2015 mwanafunzi wa England anayehitaji kompyuta hulipa pauni 200 za kwanza mwenyewe.

Kwa nini wanafunzi hao waliweza kupiga kelele na kusikika? Kwa sababu posho yao ilikuwa na jina lake na fungu lake. Ilipoguswa, kila mtu alijua ni nini kimeguswa na ni nani ataumia.

Hapa kwetu msaada kwa mwanafunzi mlemavu umetawanyika. Sehemu iko katika mikopo, sehemu katika ufadhili wa karo, sehemu katika basari za maeneo bunge na kaunti, na sehemu katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hutoa vifaa na msaada wa masomo kwa kutegemea pesa lilizopewa mwaka huo. Kitu kilichotawanyika hivyo kinaweza kupunguzwa kidogo hapa na kidogo pale, na asiwepo wa kuona. Mwenye kuona ni mwanafunzi peke yake, siku anapoambiwa ombi lake halikufaulu.

AHADI NI DENI

Wapo watakaosema serikali haina pesa. Ni kweli kwamba hali ni ngumu. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 na kuondolewa kwa Mswada wa Fedha wa mwaka huo, serikali ililazimika kupunguza matumizi. Lakini hebu tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban Wakenya 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya watu wa umri wa miaka mitano na zaidi. Kati ya hao, wengi ni wazee au watoto, na wanaofika chuo kikuu ni wachache. Kuwahudumia vizuri hakuwezi kufilisi taifa. Kinyume chake, mlemavu aliyehitimu akapata kazi humtunza mama yake na kulipia wadogo zake karo. Yule aliyekatizwa masomo hurudi nyumbani kutunzwa. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu wa uchumi.

Wengine watasema wapo wadanganyifu wanaojifanya walemavu ili wapate nafuu ya kodi na misaada. Siwezi kukana kwamba udanganyifu unaweza kutokea. Dawa yake ni uchunguzi wa kitaalamu unaofanywa kwa uaminifu, na adhabu kwa daktari anayeuza sahihi yake. Kumnyima asiyeona kompyuta kwa sababu mtu mwingine alidanganya ni sawa na kufunga zahanati kwa sababu mgonjwa mmoja aliiba dawa.

Aidha, wapo wanaosema familia na marafiki wafanye mchango. Harambee ni desturi nzuri na imejenga shule nyingi. Lakini mwanafunzi wa miaka 20 anayelazimika kusimamishwa mbele ya watu kila mwaka ili aonewe huruma hujifunza jambo moja: kwamba kusoma kwake ni hisani. Katiba haisemi hivyo.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kufika mahali pote ipasavyo, kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayofaa, na kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vinavyotokana na hali yake. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unataja elimu ya juu waziwazi. Tulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, na mwaka 2025 tukapata mpya kuchukua mahali pake. Kwa maandishi hatuna upungufu. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hili lina umri wa miaka zaidi ya 20.

YANAYOFAA KUFANYWA

Kwanza, Bunge litenge fungu la pekee la mahitaji ya wanafunzi walemavu wa vyuo vikuu, lionekane katika makadirio ya bajeti kwa jina lake, na kila mwaka ielezwe ni wangapi waliomba na ni wangapi waliopata.

Pili, msaada huo utolewe kwa kuangalia hitaji, si mapato ya mzazi. Umaskini uendelee kupimwa kwa ajili ya karo na matumizi. Ulemavu uwe na hesabu yake.

Tatu, usiwe mkopo.

Nne, ufike kabla ya muhula kuanza. Mkalimani anayekuja wiki ya kumi, mitihani ikikaribia, hana faida kubwa.

Tano, asiyeweza kupona asiitwe kupimwa upya kila mwaka. Aliyezaliwa bila kuona hatapata macho kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Kumpanga foleni hospitalini kila mara ili athibitishe jambo hilo ni kumpotezea wakati yeye na daktari.

Sita, vyuo vyenyewe visijifiche nyuma ya serikali. Mteremko wa kupitishia kiti cha magurudumu, choo chenye mlango mpana na darasa lililohamishwa hadi ghorofa ya chini ni mambo ambayo mkuu wa chuo anaweza kuyatimiza kwa mapato ya chuo chake na kwa barua moja.

KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Wakati tukingojea hayo, mzazi mwenye mtoto mlemavu asisubiri matokeo ya KCSE ndipo aanze kukimbia. Mpeleke mapema katika hospitali ya serikali inayofanya uchunguzi wa ulemavu, umsajili na Baraza la Kitaifa, na uhifadhi nakala za karatasi zote. Mwambie daktari aandike si jina la ugonjwa tu, bali pia kile mtoto asichoweza kufanya na kifaa anachohitaji. Barua isemayo "ana tatizo la macho" haimsaidii mtu. Barua isemayo "hawezi kusoma maandishi ya kawaida, anahitaji kompyuta yenye sauti na muda wa ziada katika mtihani" inamsaidia.

Nawe mwanafunzi, jitambulishe kwa msimamizi wa wanafunzi siku ya kwanza unapojiandikisha. Nawajua vijana wengi huficha hali zao, hasa wenye kifafa, wenye maradhi ya akili na wanaoanza kupoteza uwezo wa kusikia, kwa kuogopa kuchekwa. Chuo hakiwezi kukupa kisichojua kwamba unahitaji.

Hatimaye, neno kwako msomaji ambaye huna mlemavu nyumbani. Hujafa hujaumbika. Ajali moja ya bodaboda huvunja uti wa mgongo. Kisukari kisichodhibitiwa hupofusha. Homa ya uti wa mgongo inaweza kumwacha kijana mwenye afya akiwa kiziwi kwa wiki moja. Wapo wanaojiunga na chuo wakitembea na kuhitimu wakiwa katika kiti cha magurudumu. Fungu hili tunaloliombea si la watu fulani wa mbali. Bajeti ijayo ikiletwa Bungeni, muulize mbunge wako liko wapi na lina kiasi gani.